Lori la mafuta likianguka: usilikimbilie, likimbie!

Ndugu msomaji, wewe unayekaa kando ya barabara kubwa, jibu kwanza swali hili mbele ya kuendelea kusoma. Lori la esanse limeanguka mbele ya nyumba yako. Shofere ametoka mzima. Hakuna moto. Mafuta yanatiririka katika mfereji kama maji ya mvua. Jirani yako amekwisha kutoka na bidoni mbili na beseni. Wewe utafanya nini?

Usijibu upesi upesi, kama vile tunavyojibu katika somo la Jumapili. Jibu kama mtu ambaye unga umekwisha nyumbani.

Kijana mmoja wa hapa Baraka, anayefanya kazi ya taksi ya pikipiki, alinijibu bila kuficha. Ilikuwa kisha ibada, tumeketi chini ya mwembe. Nilikuwa nimefundisha vijana juu ya hatari za barabara, na nilifikiri nimefundisha vizuri. Akasema: "Baba Mchungaji, unisamehe. Kamio ikianguka hapa, mimi nitaenda. Esanse ile ni feza. Pikipiki inakunywa kila siku, na watoto wanakula kila siku. Unataka niangalie tu namna inapotea chini?"

Wenzake wakacheka, lakini niliona kwamba wengi walikuwa upande wake. Siku ile sikuwa na jibu la kumtosha. Maneno haya ninayoandika ni jibu langu kwake, na kwako pia.

SANGE, TAREHE 2 JULAI 2010

Sisi watu wa Fizi tunajua Sange. Ukitoka Baraka unapanda na barabara ya taifa namba 5: unapita Mboko, Swima, Makobola, unafika Uvira, kisha unaingia katika bonde la Ruzizi kuelekea Bukavu. Sange iko njiani pale. Ni barabara yetu ileile, ile inayopita hapa kwenda Fizi na Misisi.

Ilikuwa Ijumaa jioni. Kombe la Dunia lilikuwa linachezwa Afrika Kusini, mara ya kwanza katika Afrika yetu, na watu walikuwa wamekusanyika kutazama mpira. Lori lililobeba mafuta kutoka Tanzania lilipinduka ndani ya mji ule. Taarifa za wakati ule zilisema lilikuwa linajaribu kupita basi. Mafuta yakaanza kumwagika. Watu wakaja na vyombo, wakubwa kwa watoto. Halafu moto ukawaka.

Moto ule ulikamata wale waliokuwa wanachota. Ulikamata na wale waliosimama kutazama. Uliruka juu ya nyumba za udongo na majani. Uliingia hata katika chumba cha kutazamia mpira, ukawakuta watu ambao hawakuchota hata tone moja.

Watu zaidi ya 230 walikufa. Karibu 200 wengine waliungua. Wengi wa wale waliokufa hawakuweza kutambulikana, wakazikwa pamoja katika makaburi ya shimo moja. Majeruhi walipelekwa hospitali za Uvira na Bukavu, wengine wakabebwa na helikopta za MONUSCO. Kuna jamaa zilizopoteza baba, mama na watoto jioni moja.

Sasa angalia jambo moja vizuri, maana ni hilo ninalotaka ushike. Lori halikuua watu hawa kwa kuanguka. Kati ya kuanguka na kuwaka palikuwa na nafasi. Nafasi ile ilikuwa ya kwenda mbali. Watu waliitumia kwa kukaribia.

Sisemi hivi kwa kuwahukumu. Wengi wao walikuwa watu kama yule kijana wangu, na kama mimi na wewe. Lakini kama hatukuweza kusema ukweli juu ya kifo chao, hatutaokoa mtu mwingine.

SI SANGE PEKE YAKE

Mtu anaweza kusema: lilikuwa jambo la bahati mbaya, limepita. Basi sikia. Tarehe 31 Januari 2009, mwaka mmoja na nusu mbele ya Sange, lori la mafuta lilianguka Sachangwan, karibu na Molo, nchini Kenya. Watu walikuja kuchota. Zaidi ya 100 walikufa. Mwezi wa Oktoba 2018, pale Mbuba katika Kongo Central, kwenye barabara ya Kinshasa na Matadi, lori la mafuta lilipata ajali likawaka. Wasiopungua 50 walikufa. Tarehe 10 Agosti 2019, ilikuwa Jumamosi asubuhi, lori lilipinduka Msamvu, mjini Morogoro, Tanzania. Watu wakaja na bidoni. Ilisemwa kwamba mtu mmoja alikuwa anajaribu kungoa betri ya lori. Zaidi ya 100 walikufa. Na mwezi wa Oktoba 2024, katika jimbo la Jigawa huko Nijeria, ikawa vilevile, na zaidi ya watu 150 walikufa.

Nchi ni mbalimbali, lugha ni mbalimbali, lakini habari ni moja: lori linaanguka, watu wanakuja, moto unafika. Sange ilisikia habari ya Sachangwan? Morogoro ilisikia habari ya Sange? Pengine wengi walisikia. Lakini kusikia peke yake hakukutosha, kwa sababu hakuna aliyekuwa amekata shauri mbele ya siku ile. Siku ya lori kuanguka si siku ya kuanza kufikiri.

KWA NINI MOTO UNAKAWIA, KISHA UNAKUJA MARA MOJA?

Watu wengi wanadanganyika hapa. Wanaona dakika 10 zimepita, dakika 20 zimepita, hakuna moto. Wanasema: "Ingekuwa ya kuwaka, ingekwisha kuwaka." Sivyo hata kidogo.

Esanse ikiwa maji maji, si hiyo inayowaka. Kinachowaka ni mvuke wake. Esanse inatoa mvuke wakati wote, hata usiku wa baridi. Na mvuke ule ni mzito kuliko hewa, mara 3 ao 4. Hauendi juu kama moshi wa jikoni. Unatambaa chini. Unafuata mfereji, unajaza mashimo, unaingia chini ya mlango wa nyumba. Huuoni kwa macho. Kila dakika inayopita bila moto, mvuke unaendelea kuenea. Kwa hiyo dakika ya 20 ni ya hatari kuliko dakika ya kwanza.

Na mvuke kidogo unatosha: sehemu 2 tu ndani ya sehemu 100 za hewa, tayari unaweza kuwaka. Hapo unangojea cheche moja. Inaweza kutoka wapi? Katika mbabula ya mama anayepika ugali nyumba ya tatu. Katika sigara. Katika grupu la umeme la duka. Katika pikipiki inayowashwa na mtu aliyekwisha kujaza bidoni yake na anataka kwenda. Katika chuma kinachogonga chuma. Moto ukishika pale mbali, unarudi na njia ya mvuke mpaka kwenye lori, haraka kuliko mtu anavyokimbia. Ndiyo maana hata asiyechota anakufa.

Mazutu ni tofauti kidogo. Haitoi mvuke mwingi hivyo, na haishiki moto upesi kama haijapata joto. Lakini lori moja linaweza kubeba vyote viwili katika vyumba mbalimbali vya tangi lake, na wewe uliye mbali huwezi kujua ni kipi kinachomwagika. Usijidanganye pia na lori linalorudi tupu. Tangi tupu limejaa mvuke, na linaweza kulipuka.

JIBU KWA YULE KIJANA

Mwanangu, tupige hesabu pamoja. Bidoni ya manjano inabeba lita 20. Tuseme una nguvu, umechota bidoni 2. Ni lita 40. Ukiziuza zote kwa makadhafi wa njiani, utakula siku ngapi? Utajaza pikipiki mara ngapi? Kisha siku hizo utarudi pahali ulipokuwa. Na upande wa pili wa mzani tumeweka nini? Tumekuweka wewe mzima, na mke wako atakayebaki, na watoto wanaokula kila siku, kama ulivyosema wewe mwenyewe. Na jirani ambaye hakutoka nyumbani.

Katika kitabu cha pili cha Samweli, sura ya 23, tunasoma habari ya Daudi akiwa na kiu. Watu wake watatu wenye nguvu walipita katikati ya adui wakamletea maji ya kisima cha Betlehemu. Yalikuwa maji mazuri, na kiu ilikuwa ya kweli. Lakini Daudi alikataa kuyanywa. Aliyamwaga chini mbele ya Bwana, kwa sababu aliona kwamba bei yake ilikuwa damu ya watu. Angalia: Daudi hakusema hana kiu. Na mimi sikuambii kwamba huna njaa. Nakuambia kuna kitu ambacho hata mwenye njaa anapaswa kukiacha kimwagike chini.

Lakini neno hili ni la kanisa pia, na kwanza la kwangu mimi mchungaji. Tukimwambia kijana "usichote", na hatujui kama nyumbani kwake wamekula, mahubiri yetu ni mepesi. Likelemba ya wamama, shamba la vijana, mfuko wa wajane, hayo ni mambo ya usalama wa barabara pia. Mtu aliye na pa kushika siku ya njaa ataweza kusimama mbali siku ya lori.

LIKIANGUKA: MAMBO SITA

Soma mambo haya kwa sauti nyumbani, hata watoto wayajue.

1. Ondoka. Usiende kutazama. Nenda upande ule upepo unakotoka, na upande wa juu, si wa bondeni, kwa sababu mvuke unashuka. Kama mafuta yanamwagika, kaa mbali mita 300, yaani viwanja 3 vya mpira. Kama tangi limeshika moto, iwe mita 800, viwanja 8. Tangi linalowaka linaweza kupasuka.

2. Zima moto wote wa karibu mbele ya mvuke kukufikia: mbabula, sigara, taa ya kuwaka, grupu. Pikipiki iliyo karibu, usiiwashe, isukume. Kama umekwisha kusikia harufu nzito ndani ya nyumba, usishughulike na kitu: chukua watoto, toka.

3. Toa ishara. Kila kijiji kina kengele ya kanisa, ngoma ao filimbi. Wote wajue mbele ya wakati kwamba mlio fulani maana yake ni: "Lori la hatari, tokeni."

4. Fungeni barabara pande zote mbili, mbali, ili basi lenye watu lisiingie katikati ya mvuke. Mwambieni mkuu wa kijiji na polisi.

5. Usimwagie maji moto wa esanse. Esanse inaelea juu ya maji, nayo itapeleka moto mbele zaidi. Mchanga unasaidia moto mdogo tu. Moto wa tangi si kazi ya mwanakijiji. Kazi yake ni kuwa mbali. Kama mtu amekwama ndani ya lori na hakuna moto, wawili wenye nguvu waende, si kundi la watu 50.

6. Msirudi upesi. Moto usipowaka leo, hatari bado. Ulinzi ukae mpaka wenye mali wahamishe mafuta yaliyobaki na pahali pale pakauke. Chini ya ulinzi huo asipite hata ndugu wa mkuu.

MBELE YA KUANGUKA

Ni kweli pia kwamba lori halianguki peke yake. Tajiri wa lori, shofere na serikali, kila mmoja ana mzigo wake, na si haki kumwachia mwanakijiji mzigo wote.

Bwana shofere, mafuta ndani ya tangi si kama magunia ya mihogo. Ukikata kona upesi, yanakimbilia upande mmoja na yanaendelea kusukuma hata kisha wewe kunyoosha usukani. Kwa hiyo lori la tangi linapinduka kwa mwendo ambao lori lingine lingepita. Lori kubwa linabeba lita 30.000 ao zaidi. Punguza mwendo mbele ya kona, si ndani yake. Usipite gari lingine ndani ya kijiji. Usafiri mchana. Ukichoka, lala. Hata breki nzuri haimsaidii shofere aliyelala kwenye usukani. Usibebe abiria juu ya mafuta, hata akiwa shemeji yako. Na likianguka, wewe ni wa kwanza kusema: "Rudini nyuma!"

Wewe tajiri, tairi lililokwisha na breki mbovu unavipeleka katika vijiji vya watu. Torati ilimwamuru mwenye nyumba kuweka ukingo juu ya dari yake, ili mtu asianguke na damu ikawa juu ya nyumba ile. Unaweza kusoma katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22. Breki nzuri ni ukingo wa dari yako.

Na ninyi vijana mnaosoma shule, jifunzeni kusoma vibao. Malori mengi yanayobeba vitu vya hatari yana kibao cha rangi ya machungwa chenye namba. Namba ya chini inataja kitu chenyewe, na ni moja dunia nzima: 1203 ni esanse, 1202 ni mazutu, 1830 ni asidi ya salfa, 1689 ni sianidi ya sodiamu. Alama yenye pembe nne inayosimama juu ya ncha inasema hatari ni ya namna gani: ndimi za moto, kichwa cha mfu, ao kitu kinachomwagikia mkono na kuula. Ukiiona namba kutoka mbali, unaweza kumwambia polisi ao munganga kwa simu kilichoanguka ni nini bila kukaribia.

BIDONI ILIYO CHINI YA KITI

Sasa niache malori makubwa, nijisemee mimi mwenyewe. Maana tunaweza kulaumu tajiri wa lita 30.000 na kusahau lita 20 zetu.

Mwaka mmoja nilipanda gari la abiria hapa Baraka kwenda Uvira kwa mkutano. Tulibanana, kama desturi. Kisha Mboko nikasikia harufu. Chini ya kiti palikuwa na bidoni tatu za esanse, zimefungwa na kipande cha mfuko wa plastiki. Kando yangu alikaa mama na mtoto mgongoni. Mbele, baba mmoja akatoa sigara. Mimi nilinyamaza. Nilifikiri mkutano, nilifikiri shofere atakasirika, nilifikiri mtu mwingine atasema.

Yule mama ndiye aliyesema. "Baba, tafazali, usiwashe. Ao mtushushe hapa, mimi na mtoto." Hakusema kwa ukali. Baba yule akarudisha sigara mfukoni. Tulifika salama, na kwenye mkutano ule nilipewa nafasi ya kuomba kwa ajili ya safari za watumishi wa Mungu. Niliomba na haya, maana aliyetulinda njiani alikuwa mama yule, na mimi nilikuwa nimenyamaza.

Kwa hiyo, ndugu zangu:

Esanse na abiria visikae katika chumba kimoja. Bidoni iwe na kifuniko chake cha kweli, isimame wima, ifungwe na kamba, isijazwe mpaka mdomoni, kwa sababu joto linaipanua. Kwenye pikipiki, usibebe bidoni na mtu pamoja. Kwenye mtumbwi wa injini kutoka ng'ambo ya ziwa, Kigoma ao Ubwari, asiwepo anayewasha sigara ao anayepika, na bidoni zikae mbali na injini. Ninyi makadhafi mnaouza na chupa kando ya njia, msimimine usiku kwa mwangaza wa mshumaa, wala msiweke akiba ndani ya chumba wanamolala watoto. Na usiweke esanse katika chupa ya maji ya kunywa hata siku moja. Mtoto hajui kusoma harufu.

KWA WALE WA KARIERI

Familia nyingi zinazosoma gazeti hili zinakula kwa kazi ya karieri: Misisi, Lubichako na kwingine. Pale vitu vya hatari havina kibao cha rangi ya machungwa. Vinasafiri mfukoni.

Zebaki, ile wachimbaji wengi wanayoiita merkire, inabebwa katika chupa ndogo. Haina harufu, na inapendeza macho, hata watoto wanaichezea. Lakini inatoa mvuke, na mvuke ule unadhuru ubongo, zaidi wa mtoto na wa mimba iliyo tumboni. Ikimwagika garini, usiifagie, inagawanyika na kuenea. Fungua madirisha, toa watu nje, okota vitone kwa karatasi ngumu na uvifunge ndani ya chupa. Mkoba uliomwagikiwa usirudi nyumbani. Na usichome dhahabu yenye zebaki jikoni ambamo mama anapikia. Huko Minamata, Japani, mwaka wa 1956, waganga walianza kuona watu wenye kutetemeka na watoto waliozaliwa wakiwa vilema, kwa sababu zebaki ya kiwanda iliingia katika samaki. Ndiyo sababu mapatano ya mataifa juu ya zebaki, ya mwaka 2013, yaliitwa kwa jina la mji ule.

Sianidi inatumiwa pahali pengi pa dhahabu duniani. Ikikutana na asidi inatoa hewa inayoua. Isikutane na asidi wala na maji ya mvua, na isipande gari moja na unga ao chumvi. Baruti na vile vichwa vyake vya kulipulia visisafiri katika mfuko mmoja, wala na abiria.

Asidi nayo si mambo ya mbali. Februari 2019, pale Kabwe, kati ya Lubumbashi na Kolwezi, lori la asidi ya salfa liligongana na basi. Asidi iliwamwagikia abiria. Watu kama 20 walikufa. Aliyemwagikiwa asidi anapaswa kuvuliwa nguo zilizolowa na kuoshwa kwa maji mengi yanayotiririka, kwa muda mrefu, bila kungojea gari la hospitali.

MTU AKIUNGUA

Kama nguo zinawaka: asikimbie. Alale chini, ajiviringishe, ao mfunikeni na blanketi nzito. Kisha mmwagieni maji safi ya baridi, yanayotiririka, dakika 20, pale palipoungua. Vueni pete na saa mbele mwili haujavimba. Nguo iliyoshikamana na ngozi msiivute. Msipake mafuta, dawa ya meno, asali wala majivu. Funikeni kwa kitambaa safi, mumkinge na baridi, mumpeleke hospitali. Aliyeungua uso ao aliyevuta moshi apelekwe upesi hata kama anasema anajisikia vizuri.

TULIVYOPATANA

Nilimrudia yule kijana na hesabu ya bidoni mbili. Alisikiliza, akakuna kichwa. Hakusema "amina". Aliuliza: "Sasa mtu afanye nini, Baba Mchungaji? Kusimama tu ni kazi ngumu."

Nikaona ana haki. Mwenye nguvu akiambiwa tu "usifanye", mikono yake itatafuta kazi. Basi tukaketi na wazee na mkuu wa eneo, tukagawanya kazi. Mzee mmoja wa kanisa atagonga kengele kwa mlio wa pekee. Wamama wa kila mstari wa nyumba watazima mbabula na kutoa watoto na wazee. Vijana wawili watafunga njia ya Uvira. Na yule kijana, kwa kuwa pikipiki yake inalala mbali na barabara, ndiye atakayezunguka na njia ya nyuma kusimamisha magari ya upande wa Fizi.

"Na esanse?" nilimwuliza.

Alitazama chini kidogo. "Itamwagika, Baba. Mimi nitakuwa kazini."

Tunamwomba Mungu siku ile isifike. Lakini ikifika, ndugu msomaji, mtaa wako utakuwa umegawanya kazi, ao utakuwa umegawanya bidoni?

Maswali ya kuzungumza nyumbani

1. Kutoka mlangoni kwetu mpaka barabarani ni hatua ngapi? Tukisikia ishara, tutakimbilia upande gani?
2. Katika nyumba yetu kuna esanse, zebaki ao baruti? Vimewekwa wapi, na nani anaweza kuvifikia?
3. Nikipanda gari na kusikia harufu ya esanse, nitasema neno gani, na nitalisema namna gani kwa heshima?
4. Ni familia gani katika mtaa wetu ambayo njaa ingeisukuma kwenda kuchota? Tunaweza kuisaidia nini wiki hii?